Msandali Mpakani: Namna ya Kuutambua Mti Uliokwisha Kuvuliwa Majani

Mhadhara kwa wananchi wa Busia na Malaba



Nimeombwa nizungumzie kichaka. Si mvule wala mkuyu ambao kila mtu hapa ameuketia kivulini. Ni kichaka cha mita moja hadi saba hivi, kijani mwaka mzima, chenye maua madogo ambayo mpita njia hayaoni. Wataalamu wa mimea wanakiita Osyris lanceolata. Magazetini na mahakamani kinaitwa msandali. Wasamburu na Wamaasai wanakifahamu tangu zamani, na wametoa humo dawa na chai kabla mtu yeyote wa viwanda vya manukato hajasikia habari zake.

Mtaniuliza: mti wa Samburu unatuhusu nini sisi wa Busia? Ni kweli, msandali hupenda miteremko ya mawe na kingo za misitu mikavu. Anayeutafuta ataanzia Samburu, Baringo au Kajiado kabla ya kuja Nambale. Lakini unapita hapa. Kwa miaka mingi sasa shehena za magendo zimekuwa zikikamatwa katika barabara zinazoelekea Uganda, na barabara hizo zina milango miwili mikubwa, Busia na Malaba, ukiacha njia za panya ambazo nyinyi mnazijua kuliko mimi. Kwa hiyo watu wa mpakani wamejikuta walinzi wa mti ambao wengi wao hawajapata kuuona ukiwa hai. Kumwambia mtu alinde asichokijua ni kumwonea, na ndiyo sababu nimekuja.

Biashara yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Kiini cha mbao ya msandali, hasa mizizi na sehemu ya chini ya shina, kina mafuta yenye harufu nzuri yanayotiwa katika manukato, sabuni na ubani. Soko hilo kwa karne nyingi lilitegemea msandali wa India, Santalum album. Ule wa India ulipopungua kwa kukatwa mno, wanunuzi walielekeza macho Afrika Mashariki. Na kwa kuwa mafuta yamo mizizini, mvunaji wa magendo hakati tawi akauacha mti uchipue upya. Anaung'oa. Baada yake hubaki shimo tu.

Mwaka 2007 Rais Mwai Kibaki alipiga marufuku uvunaji wa msandali nchini Kenya. Hatua ilikuwa njema, ila ilikuwa ua uliojengwa upande mmoja wa boma. Mwaka 2013, katika mkutano wa Bangkok, nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ziliuingiza msandali wa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Ethiopia katika Orodha ya Pili. Maana yake ni kwamba mti huo hauvuki mpaka wa nchi bila kibali maalumu. Kibali hicho kinahitajika kwa magogo, vipande, vibanzi na unga. Kinachosamehewa ni vitu kama mbegu, na bidhaa iliyokamilika na kufungwa tayari kwa rejareja. Chupa ya manukato dukani haina kesi. Gunia la vibanzi lina kesi.

Sasa tutazame kazi ya afisa. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, lori linalotoka Kenya halisimami mara mbili. Linavuka moja kwa moja hadi upande wa Uganda, na huko maafisa wa nchi zote mbili hulikagua chini ya paa moja. Jambo hilo limepunguza foleni na nalisifu. Lakini pia limeacha nafasi moja tu ya kuona. Afisa anafunua turubai, anakuta magunia ya mkaa au mahindi, na chini yake vipande vya mti vilivyokatwa urefu wa mkono, vimemenywa gome, havina hata jani. Aseme ni nini?

Hapo ndipo elimu ya kutambua mimea inapokuwa na uzito. Hata hivyo, tusianze na kipande. Anayetaka kumtambua mtu kwa kiatu chake lazima awe amewahi kumwona mtu mwenyewe. Tuanze na mti ulio hai.

Shika tawi changa la msandali ulizungushe kati ya vidole. Utahisi kingo: tawi changa si mviringo laini, lina mistari iliyoinuka inayoshuka kutoka kwenye vikonyo vya majani. Kisha tazama majani yalivyopangika. Yanapishana, moja huku na jingine kule kadiri tawi linavyopanda. Hayakai jozi kwa kutazamana. Alama hii ni ndogo, lakini ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu haibadiliki kwa mvua wala kiangazi, na kwa dakika moja inaondoa nusu ya miti inayosingiziwa kuwa msandali.

Jani lenyewe ni dogo, mara nyingi halifiki urefu wa kidole cha kati. Lina umbo la mkuki au yai jembamba, ni gumu kama ngozi, na rangi yake ni kijani chenye buluu au kijivu, kana kwamba limepakwa nta. Nta hiyo ipo kweli: ukilisugua kwa kidole gumba, rangi hubadilika ulipogusa. Ukingo hauna meno, ni mzima na umejikunja kidogo kuelekea chini. Ncha ina kijisindano kifupi. Mishipa ya pembeni haionekani vizuri, kwa hiyo jani linaonekana tupu, halina mchoro. Hakuna manyoya, hakuna utomvu mweupe unapolikata, na mti hauna miiba hata mmoja.

Maua hutoka kwapani mwa majani. Ni madogo sana, ya manjano yenye ukijani, na kila ua lina vipande vitatu, mara chache vinne. Vihesabu. Tunda ni dogo, la umbo la yai, lina mbegu moja, na juu kabisa lina kovu la mviringo, alama ya ua lililokuwapo. Huanza kijani, likapita manjano na wekundu, na likiiva kabisa huwa zambarau linaloelekea weusi. Ukipata jani la aina niliyoeleza na tunda lenye kovu hilo kileleni, huhitaji kuninukuu mimi wala mtu mwingine. Umeshautambua.

Nisimame kidogo kwenye hesabu ya vitu vidogo, kwa sababu wapo wanaoidharau. Ulaya kuna vichaka vya miiba vya jenasi ya Crataegus, vya ukoo mmoja na waridi, ambavyo wakulima wamevipanda kama ua wa mashamba kwa karne nyingi. Aina mbili kati yake zinafanana kiasi kwamba mtu anaweza kupita kati yake maisha yake yote asijue ni mbili. Miiba haimsaidii, wala rangi ya maua. Anayetaka kujua hupasua tunda na kuhesabu kokwa: Crataegus monogyna kwa kawaida ina moja, Crataegus laevigata ina mbili au zaidi. Aina iliyo nadra na iliyojaa kila bonde zinatenganishwa na kitu ambacho ndege hukimeza bila kukitazama. Msandali ni hivyo hivyo. Ukiutafuta kwa umbo la jumla utaukosa.

Na hapa kwetu miti inayofanana nao ni mingi. Mzeituni mwitu una jani jembamba, gumu, la kijani chenye kijivu, na mbao yake ni nzito. Lakini majani yake yanatazamana, jozi kwa jozi. Mdaa, ambao mizizi yake watu wameitumia kusafishia meno, una jani gumu pia, ila ukingo wake una mawimbi na majani yake hukaribia kukaa jozi. Leleshwa ligeuze jani: upande wa chini ni mweupe kama kitambaa cha sufu, na ukilifikicha linatoa harufu ya kafuri. Dodonaea viscosa ndiyo inayowasumbua wanaoanza, kwa sababu majani yake yanapishana kama ya msandali na miti hiyo miwili hukaa mlima mmoja. Iguse. Jani lake linanata na kung'aa, na tunda lake si la nyama, bali ni kifuko kikavu chenye mabawa mawili au matatu mepesi kama karatasi. Msandali haunati wala hauna mabawa.

Msandali wa India wenyewe, ukikutana nao bustanini mwa mtu, una majani yanayotazamana na maua yanayoishia rangi ya damu ya mzee. Ni jamaa wa wetu, ukoo mmoja wa Santalaceae, lakini si mti mmoja.

Kuna alama nyingine ambayo siwashauri kuithibitisha kwa kuchimba, ila ifahamike. Msandali ni kimelea nusu. Majani yake yanajitengenezea chakula kwa jua kama mti mwingine wowote, lakini mizizi yake huikamata mizizi ya jirani kwa vinundu maalumu na kunyonya maji na madini. Utafiti uliofanywa Tanzania umeonyesha kwamba miongoni mwa majirani wanaoufaa ni Rhus natalensis, kichaka kile cha majani matatu-matatu, na hiyo Dodonaea tuliyoitaja. Ndiyo maana wengi walioubeba mche wa porini wakaupanda peke yake uani wameona ukidhoofika polepole wakadhani wamerogwa. Hawakurogwa. Walimhamisha mgeni bila mwenyeji wake.

Zaidi ya hayo, msandali una mti dume na mti jike. Jike ndilo lenye matunda. Wavunaji wengi wanaamini kwamba jike lina mafuta zaidi, na imani hiyo, iwe kweli ama isiwe, imetosha kuyafanya majike yawindwe kwanza. Mlima unaweza kubaki na misandali inayochanua kila msimu na kusiwe na mbegu moja inayoanguka. Anayehesabu vichwa atasema mti bado upo.

Sasa turudi kwenye lori.

Wengi watasema: nusa. Watu wa Magharibi mwa Kenya mna haki ya kuiamini pua. Mukombero unauzwa kote huku, na mnunuzi mzoefu hahitaji jani: anavunja kipande cha mzizi, ananusa, anatafuna, anajua. Kwa mukombero inatosha, kwa sababu akikosea hasara ni shilingi chache. Kwa msandali pua ni ya kuamsha shaka, basi. Mbao iliyokaa muda mrefu wazi hupoteza harufu ya juu. Mbao iliyopakiwa pamoja na dizeli, samaki au mkaa hunuka dizeli, samaki au mkaa. Na kinyume chake pia hutokea: mbao isiyo na thamani ikisafiri pamoja na msandali hunukia. Wakili wa mshtakiwa atamuuliza afisa swali moja tu, kama amewahi kusomea kunusa, na kesi itayumba.

Ukikichana kipande upya, utapata zaidi. Msandali una mbao ya nje iliyofifia rangi na kiini cha kahawia kinachoelekea wekundu. Nyuzi zake ni laini sana na kipande ni kizito kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Harufu ikitoka kwenye kidonda kipya, si kwenye gome wala gunia, shaka inaongezeka nguvu. Tafuta pia vipande vya kisiki: vimepinda, vina mabaki ya mizizi, na udongo umeingia kwenye mikunjo. Mtu anayesafirisha kuni za kawaida hana sababu ya kung'oa visiki na kuvipeleka nchi nyingine. Hiyo si alama ya kibotania, ni ya akili ya kawaida, na nadhani ina thamani kuliko nusu ya vitabu vyangu.

Lakini hata hapo afisa aandike "nashuku kuwa ni msandali", asiandike "ni msandali". Watu hushtakiwa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, na adhabu zake ni nzito. Mahakama inahitaji mtu aliyekata kipande chembamba kwa wembe, akakitazama kwa darubini, akalinganisha mishipa ya maji na mionzi ya mbao na kipande kingine ambacho utambulisho wake hauna ubishi. Kipande hicho cha kulinganishia kinatoka wapi? Kinatoka kwenye hifadhi za mimea mikavu. Iliyo kubwa kwetu ni Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, ambayo mizizi yake inarudi Amani, Tanzania, mwaka 1902, na ikahamia Nairobi mwaka 1950. Humo kila tawi limekaushwa, limebandikwa kwenye karatasi, na pembeni pameandikwa nani alilichuma, wapi na lini.

Anayedhani kwamba mmea uliokufa na kuharibika hausemi kitu, apande gari hadi Kakapel. Haiko mbali na Malaba, katika Teso Kaskazini, kwenye vilima vya Chelelemuk. Wengi mmeenda kutazama michoro ya mwambani. Chini ya mwamba huo waakiolojia wamechimba kwa miaka, wakachukua udongo, wakautia majini, na vilivyoungua vikaelea. Kati ya vilivyoelea kulikuwa na mbegu. Zilikuwa nyeusi tii, hazina rangi, harufu wala ladha. Hata hivyo umbo lilibaki: kovu pale mbegu iliposhikamana na ganda, upana kwa urefu, mikunjo ya ngozi. Kwa umbo hilo watafiti walitambua kunde, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2024 walieleza kwamba kunde hizo zina umri wa miaka 2,300 hivi. Walikuta pia wimbi, mtama, na hata njegere, zao ambalo hakuna aliyelitarajia hapo. Kama kunde iliyoungua zama hizo inaweza kutambuliwa kwa kovu lake, kipande cha msandali kilichokatwa mwezi jana hakina pa kujificha. Kinachohitajika ni mtu aliyefunzwa kukitazama na kitu cha kukilinganisha nacho.

Nitasema neno juu ya unadra, kwa sababu wapo wanaonipinga wakisema kwamba mti huu si nadra hata kidogo. Wana hoja. Osyris lanceolata hukua kutoka kusini mwa Hispania na Afrika Kaskazini hadi Afrika Kusini, na ukiupima kwa dunia nzima hauko ukingoni mwa kutoweka. Lakini mama wa Samburu anayetafuta gome la chai hapimi kwa dunia nzima. Anapima kwa mlima wake, na mlimani kwake kuna mashimo. Kuna mimea iliyo nadra kwa maumbile, na kuna inayofanywa nadra kwa jembe. Huu ni wa pili, nao hauwezi kufufuliwa na sheria pekee. Mbegu zake huchelewa na kusuasua kuota, mche unataka mwenyeji, na mti huchukua miaka mingi kabla kiini chake hakijawa na mafuta ya maana.

Kwa hiyo nina maombi, nayo ni ya vitendo.

Maafisa, wekeni katika kila kituo cha ukaguzi kisanduku kimoja chenye tawi kavu la msandali lililobandikwa vizuri, kipande cha mbao kilichothibitishwa, na pembeni yake mzeituni mwitu, mdaa, leleshwa na Dodonaea. Viombeni kwa barua kutoka Makumbusho na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI. Afisa mpya avishike siku yake ya kwanza kazini. Picha ya simu haitoshi, kwa kuwa picha hainati wala haina kingo za kuhisi kwa vidole.

Madereva na mataniboi, mkiambiwa mbebe "kuni za dawa" zenye visiki vilivyopinda na udongo mikunjoni, ombeni kuona kibali kabla ya kufunga turubai. Lori likikamatwa, mwenye mzigo mara nyingi huwa hayupo garini.

Na mkiuona mti wenyewe ukiwa hai mahali popote katika kaunti hii, msiuchimbe na msiutangaze sokoni. Utazameni, mpige picha za tawi, jani upande wa chini na tunda, muandike mahali na tarehe, mpeleke habari ofisi ya Huduma ya Misitu au ya Huduma ya Wanyamapori, KWS.

Walimu, kwenu ninyi ombi ni kubwa zaidi. Pandeni msandali katika viwanja vya shule, Amagoro, Malaba, Busia, Matayos. Waulizeni KEFRI kuhusu miche na mwenyeji wa kupanda nao. Lakini msipande mmoja wala miwili. Pandeni sita au zaidi, maana dume na jike hayatofautishwi mpaka mti utoe maua, na shule yenye madume matupu haitapata mbegu hata moja.